Ugonjwa Ulioitwa Miraa

Kuna magonjwa yanayokuletea wageni na ndizi mbivu, na kuna mengine yanayokuletea mawaidha tu. Mimi nilipata wa mawaidha. Kila aliyeniona alikuwa na neno la kunishauri, na neno lenyewe lilikuwa moja: acha.

Naandika haya kwa sababu juzi, sokoni Kibirichia, mwanamke mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mimi niliacha. Mume wake hatulii, halali, amekonda, mikono inamtetemeka, naye amechoka kupekua mifuko ya koti lake. Nilimwambia asifungashe nguo za watoto kwanza. Nilimweleza mambo mengi kwa haraka nikaona namchanganya, basi nimerudi nyumbani nimekaa, na leo naweza kukaa, niyaandike polepole.

Mimi ni mkulima wa viazi. Ugonjwa ulinianza wakati wa kuvuna, ile baridi ya Julai ambapo huku kwetu hata ng'ombe hawataki kutoka zizini. Wavunaji walikuwa na makoti mazito na kofia za sufu. Mimi nilivua sweta, nikavua shati, nikabaki na fulana, na bado jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nilidhani ni kazi. Lakini hata nikiwa nimeegemea gunia, moyo ulikuwa unapiga kama wa mtu aliyetoka kukimbizwa na mbwa.

Halafu ikaja njaa. Nilikuwa namaliza sahani yangu, natazama ya mtoto. Nilikula viazi vya kuchemsha vya asubuhi ambavyo Wanja, mke wangu, alikuwa amevipanga vitufikishe mchana. Na bado suruali ilikuwa inanivuka, nikatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari, halafu lingine.

Kutulia ndiko kulinishinda kabisa. Nilikuwa naketi, naondoka. Nahamisha ng'ombe kutoka kigingi hiki hadi kile, halafu namrudisha. Nilibomoa ua wa kuku ambao haukuwa na shida yoyote nikaujenga tena. Wanja alikuwa akiniambia, "Baba Kendi, kaa chini," nami nakaa, na kabla hajamaliza kunimiminia chai nimeshafika mlangoni. Siku moja alinipa kikombe cha uji nimpelekee Mami, mama yangu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja. Nilifika na nusu. Uji mwingine ulikuwa kwenye vidole vyangu na kwenye njia. Wanja alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia, na hakuuangalia uji. Aliangalia mikono.

Sasa, mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini hawakunipeleka hospitali. Lakini kwetu Meru, mwanamume akiwa na macho yaliyotoka, halali, hatulii na amekonda, hakuna haja ya maswali. Jibu liko tayari, limefungwa vizuri kwa jani la mgomba. Ni miraa.

Na mimi nilikuwa na Kobia. Kobia ni rafiki yangu tangu tukiwa bweni moja shuleni, mtu wa Mikinduri, na kazi yake ni kununua na kuuza miraa. Alikuwa akija Kibirichia kutafuta mbegu za viazi analala kwetu, anacheka na watoto, anatuletea maembe. Miraa yenyewe niliijaribu mara moja nikiwa kijana, ikanifanya niongee na ukuta, nikaiacha hapo hapo. Lakini nani angeamini, mtu ambaye rafiki yake wa chanda na pete ni mfanyabiashara wa miraa?

Wanja hakuwa mjinga, naomba mnielewe. Yeye ni wa Manyatta, kule Embu, na kaka yake aliharibiwa na muguka, ile miraa ya kwao ya majani. Alimwona akikonda, akitetemeka, akiapa. Mimi nilipoanza kukonda na kutetemeka na kuapa, alikuwa ameshaiona njia yote mpaka mwisho wake.

Nilienda zahanati. Mhudumu hakungoja hata nikae.

"Wewe ni wa miraa?"

"Hapana."

"Wote husema hapana. Punguza, ukunywe maji mingi, na ulale."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kupiga ukuta. Hasira nayo ilikuwa imekuwa jirani wa kudumu. Mtoto akiangusha kijiko, mimi nimesimama. Mlango ukijifunga na upepo, nimefoka. Kendi wangu, ambaye alikuwa darasa la pili, alianza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko moyo uliokuwa unanipasuka kifuani. Nilikuwa namwona, najua sababu ni mimi, na siwezi kujizuia.

Mvua za Oktoba zilipoanza, Wanja alifunga nguo za watoto kwenye mabegi mawili. Alimkataza Kobia kukanyaga kwetu, halafu akaondoka yeye.

"Siku utaacha," aliniambia, "utakuja Manyatta unichukue."

"Nitaacha nini, Wanja?"

"Hiyo."

Nilizunguka nyumba kwenye matope mpaka gari lao likapotea. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu anayekula miraa anaweza kuacha. Mimi ningeacha nini ili nirudishiwe watoto wangu?

Aliyenipeleka Meru mjini ni Kobia. Alikuja bila kualikwa, akasimama nje ya ua kwa sababu ya marufuku ya Wanja.

"Toka twende," alisema. "Wakupime damu. Wakipata miraa ndani, waulize nani alikuuzia, juu si mimi. Nimechoka kusingiziwa."

Wanaougua wanajua hospitali ni mabenchi. Unasogea tako moja, unasogea lingine, unafika kwenye kona, benchi linageuka, unaanza tena. Kwangu mimi kukaa kulikuwa adhabu kuliko sindano. Nilisimama, nikatembea, nikapoteza nafasi, Kobia akawa ananishikia kwa kuweka kofia yake. Kulikuwa na mama mmoja pale kutoka upande wa Embu, mwembamba, shingo imejaa. Kila mtu alikuwa amejifunika leso na blanketi. Yeye aliinuka akafungua dirisha, watu wakalalamika, likafungwa. Mimi nikainuka nikalifungua tena. Tulitazamana tukacheka. Hatukuambiana hata majina, lakini niliondoka pale nikijua kwamba kuna mtu mwingine duniani anayesikia joto hili.

Daktari alikuwa msichana mdogo. Alinipa glasi ya maji akaniambia ninywe, akawa anaangalia koo langu maji yakishuka. Akanipapasa shingo kwa vidole baridi. Nilingoja swali lenyewe likakataa kuja, mpaka nikalijibu kabla halijaulizwa.

"Daktari, mimi sili miraa."

"Sijakuuliza," alisema. "Ni tezi ya hapa shingoni. Inakuendesha mbio."

Nililia mbele yake, mwanamume mzima. Nililia kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kunigusa bila kunishuku.

Nilimpigia Wanja siku hiyo hiyo, nikamweleza yote bila kupumua. Akasema, "Hata ndugu yangu kila mwezi alikuwa anakuja na ugonjwa mpya." Akanipa Kendi tuongee. Kendi aliniuliza kama kuku wazima.

Vidonge vilinituliza kidogo kuanzia Krismasi mpaka tulipopanda viazi vya masika. Nilianza kupata usingizi. Kisha mwili ukavikataa: ngozi ikaniwasha nikajikuna mpaka damu, nywele zikabaki kwenye mto. Vikasimamishwa, na moyo ukarudi mbioni. Yule daktari aliniambia waziwazi kwamba moyo wa mtu hauwezi kukimbia hivyo muda mrefu, utachoka. Akaniandikia niende Nairobi, kuna dawa ya kunywa mara moja, inazima ile tezi. Foleni ilikuwa ndefu. Viazi vilichanua, vikavunwa, mimi nangoja.

Siku ilipotajwa, ilikuja na masharti. Wiki mbili kabla ya dawa nisile chumvi ya dukani, wala maziwa, mayai, samaki, mkate, wala chochote ambacho sijui kimepikwaje. Nikikosea, tezi itashiba madini ya vyakula hivyo, dawa haitashika, na nitarudi mwisho wa foleni.

"Upike mwenyewe," nesi alinionya. "Usiamini sufuria ya mtu."

Kupika! Mimi nilitoka kwenye jiko la Mami siku nilipotahiriwa, na sikurudi. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa hafunui sufuria ya mama yake. Tangu siku hiyo chakula kilikuwa kinanifuata nilipo, mimi sikuwahi kukifuata. Na sasa Wanja hayupo, jiko lake limepoa, mafiga yamejaa utando wa buibui.

Nilimpigia Kobia. Alifika na gunia begani. Aliwahi kuishi Isiolo miaka mingi katika chumba cha kupanga, akijipikia, na alikuwa anaificha ile sifa kama aibu.

"Kwanza menya viazi," aliniamuru.

Nilimenya. Kwa mikono ile inayotetemeka, kiazi kikubwa cha kujaza kiganja kilitoka kikiwa kama jicho la mbuzi.

"Unamenya ama unachonga? Wacha. Utamaliza shamba."

Alinipa kazi nyingine. Mahindi na maharagwe yalikuwa yamechemka tangu asubuhi, viazi vimeiva, majani ya malenge yamekatwakatwa. Akamwaga maji yote, akanipa mchi. Hapo, ndugu yangu, nilipata makao. Kuponda mukimo kunataka mtu asiyetulia. Wasiwasi wangu wote, hasira, miezi ya kungoja, vyote nilivishusha kwenye ile sufuria. Viazi vikalainika, majani yakatoa rangi, jasho likanitoka na kwa mara ya kwanza lilikuwa jasho la haki. Kobia alishika sufuria kwa miguu miwili akisema, "Pole pole, utatoboa mpaka China."

Kisha tukaonja. Tulitazamana.

"Hii," Kobia alisema, "ni kama kula jina la mukimo."

Tukaanza kutafuta ladha pengine. Kitunguu cha kukaanga mpaka kikawa kahawia. Dhania. Pilipili. Ndimu kwenye maharagwe. Chai ya rangi yenye tangawizi. Unga tulisagisha wenyewe mahindi ya shamba, hatukutaka wa pakiti. Kila siku tulianza na vitu vibichi tukamaliza na moshi machoni. Tulikuwa tunafunga mlango wa jiko kwa sababu upepo wa mlimani ulikuwa unatuzimia moto, na majirani wakaliona hilo, wakalieleza walivyojua. Wanaume wawili, mmoja muuza miraa, wamejifungia jikoni siku nzima. Habari hizo zilishuka mpaka Embu bila kulipa nauli.

Lakini kabla ya Embu, alikuja Mami.

Alikuja na bakuli la githeri, mahindi na maharagwe aliyoyapika mwenyewe, limefunikwa kwa sahani, linanuka mafuta ya kondoo. Chumvi yake ilikuwa inanifikia puani kabla hajafunua. Alisimama mlangoni akalinyoosha. Mwanamume anaweza kukataa chakula cha jirani akasema ameshiba. Chakula cha mama yake, ameinama kwa moshi kukipika kwa ajili ya mgonjwa, akikikataa amesema nini? Kwetu huko ni kama kusema kina kitu ndani, sumu au uchawi.

"Mami, siwezi," nilisema. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni.

"Huwezi nini?"

"Kula. Kina chumvi."

"Na chakula kisicho na chumvi ni chakula tangu lini?" Mkono wake ulibaki pale pale umenyooka. "Nimekukosea wapi, Mutuma? Niambie mbele ya huyu."

Nilishindwa. Naapa mkono wangu ulikuwa umeshainuka kupokea. Miezi yote ya kungoja ningeiharibu kwa kijiko kimoja ili tu asiendelee kunitazama vile. Kobia ndiye aliyepokea lile bakuli, akaliweka mbali, akampakulia Mami mukimo wetu. Alionja. Akatafuna kwa muda. Akameza kwa sababu ya adabu.

"Hii hata mbwa atauliza ni nani amekufa," alisema.

Halafu akaanza kucheka, akaketi kwenye kigoda, akauliza mbona hatukutia ndizi. Akasema wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, yeye akiwa kasichana, chumvi ilikosekana kabisa, na mama yake alikuwa anaponda ndizi mbivu ndani ya maharagwe ili watoto wasilie. Akatutuma ndizi. Siku hiyo tulikula kitu kitamu, na Mami akakaa mpaka mwisho, akitucheka jinsi tunavyoosha vyombo. Lile githeri alilila Kobia lote, maana lilikuwa halali yake.

Siku chache baadaye mlango ulisukumwa bila hodi. Alikuwa Wanja, na koti la safari, na Kendi nyuma yake ameshika pindo. Alikuwa amebeba hasira kutoka Manyatta mpaka pale bila kuimwaga.

Hakunisalimu. Aliangalia pembe za jiko, chini ya gunia, nyuma ya kuni. Kisha akaona kwenye rafu kifurushi kimeviringishwa kwa jani la mgomba, kimefungwa kamba ya mgomba, fundo la Mikinduri kabisa.

"Na hii?"

Kobia akafungua mdomo, Wanja akamnyamazisha kwa mkono. Aliliweka lile fungu juu ya meza, akalifungua polepole mbele ya mtoto, nadhani ili wote tuone mwisho wake. Ndani kulikuwa na majani ya malenge na dhania. Kobia alikuwa ameyatoa shambani kwake, na mikono yake haijui kufunga kitu chochote kijani kwa njia nyingine.

Hakuna aliyecheka. Wanja alibaki ameshika jani la malenge. Mimi nilikuwa na njaa, ile njaa yangu isiyo na haya, na sufuria ilikuwa imeiva, basi nikapakua nikala. Nikala nikapakua tena. Nikakwangua. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama kinywani.

"Ndugu yangu," alisema, kama anayeongea peke yake, "tulikuwa tunambembeleza kula. Hata nusu sahani alikuwa hawezi. Wewe umekula hivi tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana," nikasema.

"Na nilikuwa nakupakulia mimi."

Alichovya kidole kwenye sufuria akakiramba, akakunja uso kwa kukosa chumvi. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari wake wa zamani, akamwambia Kobia, "Songa, unaunguza kitunguu."

Nilienda Nairobi nikanywa ile dawa. Ni kama kumeza maji tu, huwezi kuamini umengojea kitu hicho. Lakini kuna jambo hawakuniambia mapema, au niliambiwa sikusikia: ukitoka pale hukaribii watoto kwa muda, maana mwili unabaki na mionzi ya dawa. Mke wangu alikuwa amerudi, watoto wamerudi, na mimi nikalala kwenye stoo ya viazi, na kikombe changu, sahani yangu na beseni langu. Kendi alikuwa analeta chakula anakiweka kwenye kigoda katikati ya uwanja, anarudi nyuma mbio, ananipigia kelele, "Baba, leo kuna chumvi!" Nilikuwa natembea stoo nzima, kutoka kwa magunia mpaka mlangoni, nimechoka na bado situlii, nikimsikia akisoma Kiswahili chake kwa sauti upande wa pili. Hizo ndizo zilikuwa siku ndefu kuliko zote.

Kupona hakukuja siku moja. Mvua zilikuja, tukapanda. Halafu asubuhi moja nilikuwa zizini, upepo wa mlima ukavuma, nikajikunyata. Nilisimama pale na ndoo ya maziwa nikicheka peke yangu. Nilisikia baridi! Nilirudi nyumbani kuomba sweta, na Wanja aliitoa sandukuni haraka sana, kabla sijabadili mawazo.

Siku hizi nakunywa kidonge kimoja kila asubuhi, cha kufanya kazi ya tezi iliyozimwa, na nitakinywa siku zote. Mama yule wa sokoni, kama umesomewa haya, mpeleke mumeo apimwe. Nenda naye wewe mwenyewe, ukae kwenye benchi. Na uangalie anavyokula.

Jambo la mwisho. Jumapili moja baada ya kanisa nilimwambia Wanja asiguse jiko. Nilimenya viazi, ngozi ikatoka nyembamba. Nikachemsha, nikaponda, nikatia kitunguu, na safari hii nikatia chumvi, kwa furaha. Wanja alimeza tonge la kwanza.

"Baba Kendi. Hii chumvi umepima na nini?"

Nilikuwa nimefunzwa kupika bila chumvi. Kipimo chake hakuna aliyenionyesha. Kendi alisukuma sahani yake kando akikohoa. Nilinyoosha mkono nichukue na ya Wanja, niwapikie kingine, lakini aliishika. Alikula. Tonge baada ya tonge, machozi yanamlengalenga, alikula yote mpaka sahani ikabaki tupu, na hakuna neno la msamaha alilowahi kuniambia linaloweza kufikia sahani hiyo.

"Sasa niletee maji," alisema.

Nilijaza kikombe mpaka kwenye ukingo nikavuka nacho chumba kizima. Alikuwa na kiu, lakini hakukipokea mara moja. Aliangalia sakafu nyuma yangu, ilikuwa kavu. Akaangalia mikono.

"Kaa chini," akasema.

Nikakaa.